Herufi Tano

Ripoti ilikuja kwa Kiingereza kutoka kwa wakili,
kurasa mbili, moja ina doa la chai.
Mwenye kiwanda yuko Bergamo, hasomi ila Kitaliano,
na mimi, mwenye duka la fotokopi barabara ya kumi na mbili,
ndimi pekee Ngamiani niliyefundishwa lugha hiyo,
na Sista Ilaria wa zahanati, kati ya sindano na sindano.

Nilikwama kwenye neno la herufi tano,
mbili kati yake mabubu.
Unalijua. Utingo hulipigia kelele lori likirudi nyuma,
rait, rait, mpaka ukuta wa watu uanguke.

Lilikuwemo mara nne.
Mara ya kwanza ni upande wa mkono: destra.
Mara ya pili anadai alipwe: diritto,
ambalo kule pia ni njia iliyonyooka,
nikacheka peke yangu, maana fidia za korona
(korona ya mkonge, si ule ugonjwa)
hazijapata kupita njia hiyo tangu baba yangu akiwa mkata.
Mara ya tatu ni kifuniko cha mashine,
kwamba hakikuwa kile kilichostahili: giusto.

Simu yangu iliyafasiri yote manne kwa neno moja,
ikaandika kwamba mashine ilimkata Mbwana Semkuya
mkono wake wa haki.
Nikaliacha dakika nzima. Nikalitazama.
Kisha nikalifuta, sikulipwa kwa ajili ya hilo.

Semkuya mwenyewe alikaa juu ya kreti la soda,
mkono wa shati umekunjwa, umebanwa kwa pini ya nepi.
Nikamwuliza, kutimiza fomu tu:
"Ni wa kulia, siyo?"
"Wa kulia," akasema. "Wali, ugali, muhogo wa nazi.
Mkono umekwenda. Kulia kumebaki."
Mashine ya fotokopi ikavuta karatasi.
Sikujua kama nicheke.

Mara ya nne:
siku tatu kabla, alimwambia nyapara mkanda umelegea,
na wakili ameandika kwamba alikuwa, lile lile neno.
Kitaliano hakisemi ulikuwa. Husema ulikuwa nayo, ragione,
kama mtu mwenye mbuzi.

"Yaani ninayo?"
Unayo.
"Na nyapara hana?"
Hana.
"Lirudie."
Ragione.
"Rajone," akasema, "rajone,"
akilisukuma kwa ulimi huku na huku kama mbegu ya ukwaju,
kisha akauliza kama linatosha kununulia bati.

Nilimtoza nusu bei.
Alisaini kwa kushoto,
herufi zikipanda na kushuka nje ya mstari,
na ile S ya ukoo wake
ikatazama upande usio wake.