Laini

Zamani kidogo nilikuwa nauza laini pale Pongwe,
chini ya mwavuli mwekundu uliopasuka ubavu:
meza, kiti kimoja, kopo la chenji,
na kimashine cha kusoma vidole
chenye kiburi kuliko karani wa mahakama.

Bi Nyamizi alikuja siku tatu mfululizo.
Ya kwanza nikamwambia, "Bibi, fuata laini,"
maana watu walikuwa wengi na jua halikuwa na adabu.
Akasema, "Mjukuu wangu, mimi nimezaliwa laini."

Nikadhani anasema alizaliwa mlaini
kama mtoto yeyote, utosi ukipwitapwita.
Kumbe ni laini namba sita, kambi ya mkonge,
vyumba kumi na viwili kwenye ukuta mmoja:
ukikohoa cha kwanza,
cha mwisho wanakuambia pole.

Mwalimu Shekilindi, shule ya msingi, alipenda kutuambia
kwamba neno hili kwa Waingereza lina watoto kuliko panya:
mstari wa daftari ni hilo, kamba ya kuanikia ni hilo,
ukoo ni hilo, kunjo la uso wa mzee ni hilo,
na maneno unayomtupia msichana ukitaka kumdanganya
ni hilo hilo.
Likavuka maji, likafika kwetu limenyooka kama rula,
likamkuta somo yake, laini wa ulaini,
amekaa barazani karne nyingi anakula halua.
Hawakugombana. Wakahamia koo moja.
Tangu hapo ukiita, hujui nani ataitika.

Siku ya pili aliweka dole gumba.
Nyekundu.
Cha shahada. Nyekundu.
Tukajaribu vyote kumi. Nikavifuta kwa upindo wa kanga yake,
nikavipulizia pumzi, nikavipaka maji ya limau,
kijana wa bodaboda akilalama nyuma,
"Kaka, sisi tunaozea huku."
Nyekundu.

Nikavigeuza nikavitazama.
Viganja gome tupu, lakini nchani,
wallahi, sijapata kugusa kitu laini vile:
kama ndani ya kombe la chaza.
Hakuna duara, hakuna kijito,
hakuna hata njia ya sisimizi.

"Brashi," akasema. "Miaka thelathini na mmoja.
Unaingiza singa, unavuta singa,
zitoke laini, zisokotwe kamba,
zikafunge mizigo ya watu nisiowajua.
Mkonge hautoi ulaini bure, mjukuu wangu.
Lazima uuchukue mahali."

Kisha, kama anayesema na kimashine:
"Baba alitoka Tabora, akaweka dole kwenye karatasi,
wakampa namba.
Mimi namba ninayo, tarakimu ishirini,
nimezikariri kama dua.
Sasa mnataka dole.
Dole mlishalila."

Sikuwa na jibu.
Treni ya mizigo ikapita kwenye laini ya Moshi,
behewa baada ya behewa,
na foleni nzima ikafunga mdomo
kana kwamba treni ndiyo iliyoulizwa.

Siku ya tatu hakusema kitu.
Alikaa kwenye kiti changu, mimi nikasimama.
Nikatazama kushoto, nikatazama kulia,
nikaweka dole langu.
Kijani.

Najua. Msinifundishe sheria,
niliibandika mwenyewe mezani kwa gundi.

Mwavuli nimeufunga. Siku hizi nauza vipuri vya pikipiki Makorora.
Lakini kwa mujibu wa kampuni nina laini mbili:
hii yangu, inayokatika kila nikidaiwa,
na nyingine
ambayo Jumapili, saa mbili usiku,
huongea Kinyamwezi na Tabora.
Nilipita kwake mara moja nikaisikia, mlango ukiwa wazi.
Sikuelewa hata neno.
Ilikuwa sauti ya mtu anayemuuliza mtu kama amekula,
na sina namna ya kuieleza
ila kwa neno lile lile.