Jicho Hupakwa Mwisho

Mchana, gereji ya Nyakato, nazika kutu:
nasugua, napachika putini, napuliza rangi,
na gari lililokunywa masika kumi na tano
latoka likimeremeta kama bwana harusi. Linauzwa.
Usiku naifukua kutu ileile,
unga mwekundu niliouchunga kwenye kopo la maziwa,
nairudisha duniani kwa ncha ya brashi
juu ya mwili wa plastiki, urefu wake shibiri.

Huyu wa leo katoka kwenye robota, Mlango Mmoja,
katikati ya dubu wasio na masikio:
zimwi la sinema, sijui ya nani, sijui ya wapi,
mdomo wazi, joho, magoti yanayokunjika,
na ngozi mpya, laini, ya kiwandani.
Zimwi lisilowahi kulala nje hata siku moja.
Nani ataliogopa?

Kwanza msasa, kisha wembe.
Joho nalitoboa kwa kijiti cha udi,
nalichemsha kwenye chai ya rangi, nalianika jabalini
nyuma ya nyumba, Mabatini,
mawe yalikobeba vyumba vyetu mgongoni
na hayajawahi kuomba kupumzika.
Masizi ya chungu kwapani na shingoni.
Magamba ya sangara, kutoka Mwaloni, ndiyo kucha.
Uzi wa wavu uliokatika, gundi: mishipa.
Na rangi ya kucha ya mke wangu Kwandu,
tone moja tu, ndani ya kinywa
(ameshagundua; sasa chupa anaificha kwenye unga).

Uchakavu una adabu yake.
Kitu hakizeeki kila mahali sawasawa:
huanza kiwikoni, pale mkono unaposhika,
pale maji yanapotuama yakasahauliwa.
Ukipaka kutu kote, umepaka uongo.
Hili nilifundishwa na milango ya magari.

Mteja ni Bwire, wa duka la simu, Pasiansi.
Rafu nzima ya kioo kaijaza mizimu,
huipangusa kila asubuhi kama vyombo vya wageni.
Kanipigia: "Fundi, macho yawe mekundu.
Mekundu kabisa. Mtu akiyaona tu, ajue."

Jicho hupakwa mwisho. Brashi ya nywele tatu.
Nyekundu iko tayari kwenye kifuniko cha soda.
Mkono ukagoma.

Bibi Nyanzobe alikuwa na macho mekundu.
Miaka sitini ya kupuliza moto wa samadi kavu
ndani ya jiko lisilo na dirisha, kule Magu.
Moshi ndio uliompaka, tabaka juu ya tabaka,
fundi mvumilivu kuliko mimi.
Ng'ombe wa jirani akafa. Kisha mtoto akaugua.
Jioni wakaja watu watatu, wastaarabu, wamechana nywele,
wakaomba maji ya kunywa,
wakauliza bibi analala na nani,
na mlango huu, hufungwa kwa komeo au kwa kamba?
Usiku uleule baba akampakia kwenye lori la pamba
kama mzigo usio na risiti.

Akazeekea mjini, kwenye mkeka wetu.
Siku alipoliona zimwi lililochorwa ukutani, banda la video,
alisimama, akalikagua mbavu kwa mbavu, akacheka:
"Maskini, mbona hawamlishi?"

Nilikuwa na miaka tisa. Sura za wale watatu zimefutika.
Macho yao ninayo:
meupe, safi, kama mayai yaliyomenywa.

Nikaosha brashi.
Nikafungua nyeupe.
Vitone viwili, bila mshipa, bila doa,
juu yake vanishi, vimetemete kidogo
kama macho ya mtu aliyelala vizuri na kunywa chai.

Bwire alilipokea, akaligeuza huku na huku.
Akasifu kucha. Akanusa joho.
"Lakini fundi, nyekundu yangu iko wapi?"
Kisha akalitazama tena, mara hii usoni,
na maneno yakamwishia.
Akaliweka rafuni, limetazama ukuta.
Akanilipa bila kubishana bei.