Chaki ya Mwaloni

Saa kumi na robo alfajiri simu inalia.
Sauti ile haisalimu.
"Sangara, elfu sita na mia mbili. Bondo usiandike."
Kisha kikohozi, kama mtu aliyekwamwa na mwiba,
na laini inakatika.

Naandika.
Mitumbwi ya Ukara bado haijatia nanga Kirumba,
samaki wake wameshauzwa.

Misoji, mwenye mtumbwi mmoja, husoma ubao
kisha hunisoma mimi.
"Jana ilikuwa saba."
"Ni soko, dada."
Nasema soko kama watu wanavyosema mvua.

Mwaka jana nilimuuliza mwenye mzani
ni nani huyu anayenipigia.
Akacheka kidogo, akafunga mlango:
"Hata mimi napigiwa."

Jumamosi wakaja kuzindua mizani mipya.
Utepe, ngoma ya nyoka, soda zimepata moto.
Mheshimiwa akafungua karatasi:
kuanzia leo, ndugu zangu, bei ya samaki...
Nyuma ya hema, kwenye kiti cha plastiki
ambacho ratiba haikukitaja,
mtu akakohoa.

Mheshimiwa akaruka ukurasa,
akatusifia usafi wa mwalo.
Tukapiga makofi. Nami nilipiga,
vumbi la chaki likanitoka viganjani.

Leo elfu sita kamili.
Misoji hakuuliza kitu.
Aliweka ndoo chini, akasogea ubaoni,
akakohoa vilevile,
akasubiri aone
nitaruka mstari gani.