Kiti cha Joto

Kichupa cha mdomo mpana, kifuniko cha njano,
jina langu kwa wino unaovuja: Asukile M.
"Isipoe," Sekela wa maabara alinionya jana yake. "Na isizidi saa."
Basi nikaitia kwapani, ndani ya sweta, ndani ya koti,
nikapanda bodaboda pale Kiwira kwenda Tukuyu,
mvua ikitucharaza, mvua yetu ya Rungwe isiyojua kuaga.
"Umebeba kifaranga, braza?"
Maana nilijikunja upande mmoja kama mwenye kichomi.
Nikamjibu: abiria.
"Wangapi?"
Ndiyo tunakwenda kuwahesabu.

Milioni tatu, ilisema karatasi.
Nikacheka kijinga. Milioni tatu!
Bei ya mitamba wawili wa maziwa,
bati za nyumba nzima na misumari yake.
Sekela hakucheka. Akasogeza darubini: "Njoo uone."
Ndani ya duara la mwanga
vijidudu vyenye mkia, vingi vimelala,
kimoja kikizunguka palepale kama mbuzi kigingini,
kimoja, kimoja tu, kikienda mbele kana kwamba kimeitwa.
"Wenzio huanzia kumi na sita kwa ujazo huohuo," akasema.
"Unafanya kazi gani?"

Boila. Kiwanda cha chai. Mwaka wa tisa.
Nalisha magogo ya mkaratusi usiku kucha.
Kati ya tanuru na ukuta kuna benchi la chuma,
na nani, kwenye baridi ya Juni inayong'ata masikio,
angekataa benchi lenye moto?
Pale nilikula ndizi zangu. Pale nilisinzia.
Wenzangu wa kunyausha majani, wakipuliza vidole,
waliniita mfalme.

Mama hufunga mahindi ya mbegu mawili mawili,
huyatundika juu ya meko, moshi uyatie uchungu
fukusi asiyatamani.
Nilidhani mbegu zote ni moja.
Kumbe zangu Mungu alizitundika nje ya mwili makusudi,
zipate upepo,
nami nikazikalisha jikoni miaka tisa.

Atupele kanywa mizizi. Kanywa majivu ndani ya maziwa.
Kafunga siku ishirini na moja, midomo ikapasuka.
Mama yangu alimpita uani
akawasalimia kuku.
Na kila mwezi kitambaa kikianikwa nyuma ya migomba
mimi ndiye niliyeguna.
Mimi, ninukiaye moshi na uanaume.

Nilimwambia usiku, taa imezimwa, maana uso sikuwa nao.
Akanyamaza hadi mvua ikahama paa.
Kisha akasema neno moja la Kinyakyusa
ambalo sitaliandika,
akageukia ukutani.
Mguu wake, wa baridi kama samaki wa mtoni,
ulikuwa juu ya wangu. Haukuondoka.

Siku sabini na mbili, alisema Sekela,
mbegu mpya huchukua kama hizo kukomaa.
Upesi kuliko viazi, nikawaza.
Hama kwenye joto, suruali isibane, punguza pombe,
rudi tuhesabu tena. Hakuapa kitu.
Sasa napanga magunia ghalani, meno yakigongana.
Leo ni ya arobaini na moja.
Sina habari.

Ila boila lina mtu mpya, Gwakisa,
miaka ishirini na miwili, kaoa baada ya Pasaka.
Jana nilimkuta kwenye benchi langu,
miguu kaitanua, anamenya ndizi,
kafumba macho kwa raha ninayoijua.
Nikasimama mlangoni, gunia begani.
Kumwambia yeye ni kukiambia kiwanda kizima,
na kiwanda kina wake, na wake wana visima.
Gunia likazidi uzito. Nikalitua.
"Mwanangu," nikasema,
na neno lenyewe likanikwama kidogo,
"hebu simama.
Hicho si kiti."