Kipandio cha Kulia

Lavar kaja na spana namba kumi na tatu
na chupa ya mafuta ya kulegeza kutu.
Hodi hakupiga. Kalala chali chini ya gari langu
kama daktari wa ng'ombe aliyeitwa usiku.
"Vitoe," sauti inatoka uvunguni.
"Vipandio hivi kiwanda kimewawekea watu wa madukani,
washuke bila kulowesha viatu.
Wewe unapanda miamba."

Ni kweli, napanda miamba.
Juzi tu, nyuma ya Escalante,
pale jiwe jekundu linapoinuka kama bega la fahali,
tairi la mbele lilipanda, la nyuma likafuata,
halafu gari likakaa.
Likakaa kabisa, kama kuku anayeatamia,
gurudumu moja likizunguka hewani bure.
Ule mkwaruzo wa bati na jiwe
bado nausikia kwenye magego.

Inchi nne. Lavar kapima kwa utepe mara mbili.
Inchi nne za nafasi chini ya tumbo la gari
nimezitoa kwa ubao wa aluminiamu wenye mistari ya mpira,
usioweza hata kubeba jeki.

Hesabu naijua. Sina ugomvi nayo.

Lakini kuna Jumapili.
Saa tatu na nusu asubuhi, kabla ya kanisa,
Arvilla, mama wa mke wangu, miaka themanini na miwili,
goti moja la kuzaliwa nalo, moja la hospitali,
anasimama kwenye mlango wa kulia
na mkoba wake wa buluu.
Haombi mkono. Ukimpa, anautazama
kana kwamba umempa bili ya mtu mwingine.
Anainua mguu wa kushoto,
kiatu kinagusa kipandio,
anapumua,
anasema lile neno lake, "Haya, mzee,"
sijui analiambia gari, au goti, au marehemu,
na tayari yuko ndani, mkanda umefungwa,
ananiuliza mbona nachelewa.

Na Brinlee, wa miaka sita,
husimama hapo hapo kila asubuhi
kulikagua kwenye kioo cha pembeni
jino linalotikisika.

Nimemweleza Lavar. Anasema nunua kistuli,
cha kukunja, dola ishirini.
Nawaza nani atakiokota Arvilla akishapanda.
Nawaza uso wake atakapokiona.

"Lakini tazama," nasema, "hiki cha kushoto kimebonyea,
mlango mzima. Kimekula pigo lisilo lake."
"Hakijala kitu. Kimelipokea, kikalisukuma juu.
Siku nyingine utafungua mlango kwa mtaimbo.
Ukitaka kinga, weka bomba za chuma
zilizochomelewa kwenye chesi."
Bomba za chuma ni mishahara yangu miwili.

Mpanda ngazi hushuka, sawa.
Mbona hakutajwa yule asiyeweza kupanda?

Basi tukaanza kushoto. Bolti sita,
zikatoka moja moja kama mbegu za tikiti.
Kulia zikatoka nne. Mbili zikagoma.
Mafuta, nyundo, matusi,
Lavar kainuka kwenda kuleta moto wa gesi
na mimi nikasikia mdomo wangu ukisema,
"Acha."
Alinitazama kwa muda.
Kutu ilikuwa imenisemea yote.
Tukarudisha zile nne, akazikaza mwenyewe,
kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Sasa gari langu ni chongo.
Njiani nachagua: mwamba mkubwa naupitisha kushoto,
mdogo kulia, na mara nyingine nageuza,
narudi nyumbani mapema na vumbi kidogo.

Jumapili Arvilla alilizunguka mara moja,
taratibu, mkoba kwapani.
"Limepoteza kiatu," alisema.
Akaja upande wa kulia.
Akainua mguu.