Mahali pa Kupishana

Gari la kukodi lanuka viti vipya na machungwa ya Wakesho.
Tumetoka Inverness kabla ya saa moja, mvua ikirasharasha,
na hadi Tongue hatujazungumza ila mafuta, choo,
na kama dirisha lifungwe au liachwe.
Miaka sita. Tumbo moja tulilotoka,
na kati yetu eka mbili na robo kule Wundanyi
ambazo yeye alizilima, mimi nikaziuza.

Huku kaskazini barabara ni uzi.
Yaenea gari moja tu, na kila baada ya hatua mia mbili
lami imevimba pembeni, kama shavu la mtoto aliyeficha andazi,
na nguzo, na kibao cheupe: hapa mpishane.
Aliye karibu nacho ndiye angojaye.
Hakuna askari wa kuamua, hakuna taa.
Ni macho, na adabu,
na kidole kimoja kuinuka juu ya usukani: asante.
Nimehesabu vidole kumi na saba tangu asubuhi.
Wakesho huvijibu vyote, na wala si yeye anayeendesha.

Kulia, bahari.
Ina rangi ya sufuria iliyokwisha kusuguliwa.
Yapiga mwamba, yarudi nyuma, yafikiri, yapiga tena.
Hakuna hoteli, hakuna ukuta, hakuna mlingoti wa simu;
jiwe jeusi limesimama vile lilivyosimama
kabla mtu hajamuuzia mwenzake udongo.
Majani yote yamelalia upande mmoja.
Kondoo ananikazia macho kama mwenye hatimiliki.

Kwetu husemwa milima haikutani.
Hii imekutana, bega kwa bega, ikateremka pamoja hadi majini.

Loch Eriboll ni mkono wa bahari
ulioingia bara ukasahau njia ya kutoka.
Ng'ambo twaiona barabara yetu wenyewe,
karibu kiasi cha kurushia jiwe, na bado nusu saa ya kuzunguka.
"Baba angesema tukate katikati," nasema.
Kimya. Chungwa lamenywa, ganda moja refu bila kukatika.

Ndipo kwenye kona, lori la kondoo.
Shavu la lami liko nyuma yangu, mbali.
Narudi kinyumenyume kama mlevi atafutaye mlango,
tairi lalamba ukingo, kokoto zaporomoka,
nazisikia zikianguka na sizisikii zikifika.
Nasimama. Mikono imelowa jasho.

Wakesho afungua mlango, upepo waingia wote kwa pamoja,
ashuka na koti lake la njano la kazini,
aenda nyuma ya gari, ainua viganja:
"Njoo. Njoo. Kata kushoto. Kidogo! Njoo."

Kwenye kioo nikamwona baba.
Asubuhi za kabichi, lori la Mwakio likirudi nyuma hadi ghalani,
na viganja vile vile vikivuta hewa
kana kwamba gari limefungwa kamba kiunoni mwake.
"Hapo!"
Hapo ile ile. Na kofi mbili kwenye buti,
za kumtuliza ng'ombe.

Lori lapita. Dereva hainui kidole, ainua kiganja kizima.
Pua za kondoo zapita, moja moja, katika mianya ya mbao.

Arudi kitini, nywele zimejaa chumvi, pumzi juu.
"Wakesho, lile shamba..."
"Endesha. Kuna gari nyuma yako."

Natazama kioo. Barabara tupu, mpaka inapoishia ukungu.
Naendesha hata hivyo.

Kona ya pili, au ya tatu, bila kunitazama,
aniwekea kiganjani pande la chungwa.
Mbegu amezitoa.