Dole Gumba

Tulifika Iboih kwa sababu ya bei.
Chilongani alikosea tarehe ya feri,
mimi nikakosea kumwambia ukweli wake mbele za watu,
na mabegi yetu, miezi minne mgongoni,
yalishazoea kulala katikati ya kitanda.

Kak Rosnita alitupa chumba juu ya maji,
sakafu ya mbao zilizoachana:
ukiamka usiku kwenda msalani
unaona samaki kati ya vidole vya miguu.
Mnakaa siku ngapi?
Mimi nikasema mbili. Mwenzangu akasema moja.

Lakini ilikuwa Alhamisi,
na Alhamisi jua likizama, kisiwani pale
bahari hupumzishwa. Hazamii mtu
mpaka Ijumaa watu watoke msikitini.
Bang Munzir alikuwa kibarazani, anafuta mitungi ya hewa
kama anayekausha watoto baada ya kuwaogesha.
"Kesho baada ya swala," akasema,
ingawa hatukuwa tumeuliza kitu.

Kwetu Mpwapwa maji yalihesabiwa kwa ndoo.
Sikuwahi kuyaona yakinifika kifuani.
Sasa mtu ananifunga mkanda wa risasi
ili nizame vizuri zaidi,
na kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga ananiambia:
kanuni ni moja, dada, usizuie pumzi.
Furahi, ogopa, lia ukitaka.
Usizuie pumzi.

Kisha akatufundisha kusema.
Duara la vidole: niko salama.
Kiganja kikiyumba: kuna kitu hakijakaa sawa.
Na dole gumba si "safi kabisa",
dole gumba maana yake tupande.
Chilongani, ambaye kwake kila jambo ni dole gumba
(feri imetuacha, dole gumba; pesa zimekata, dole gumba),
alipandishwa juu mara tatu
kabla hajaelewa.

Zoezi la mwisho, magoti mchangani:
nikapitisha kiganja shingoni. Sina hewa.
Akaja.
Hakuuliza kwa nini, hakusema si nilikwambia,
alinipa mpira wake wa akiba, ule wa manjano,
akanikamata mkanda wa bega,
tukavuta mtungi mmoja, macho kwa macho.
Miaka sita ya ndoa
hajawahi kunipa kitu upesi vile.
Rimoti, kwa mfano.

Jumamosi tukashuka kwenye mwamba.
Masikio yangu yaligoma kwenye mita ya nne;
nikayumbisha kiganja, naye akasimama,
akaning'inia pale pale kama nguo kwenye kamba,
akisubiri. Mtu huyu huyu
anayetembea hatua ishirini mbele yangu katika kila mji.

Mita kumi na mbili.
Wekundu wa kucha zangu uliishia njiani.
Pono anatafuna tumbawe, kruu, kruu,
kama mtu anayekula bisi msibani.
Ndani ya ufa, mkunga anafumbua kinywa, anafumba,
anafumbua. Nilidhani ananitisha.
Bang Munzir akaniandikia kwenye kibao chake:
anapumua tu.

Nikamtazama mume wangu, shavu limebanwa na miwani,
povu linamtoka kichwani kama chungu kilichochemka,
na sikuwa na neno la kumwambia.
Sikuwa na njia ya kumwambia.
Nikafanya duara. Akafanya duara.

Siku moja ikawa kumi na moja.
Tulikula tambi za pilipili mpaka Kak Rosnita
akaacha kutuuliza tunakula nini.
Tuligombana pia, usidhani;
kuhusu mafuta ya jua, kuhusu mama yake.

Kwenye feri ya kurudi Banda Aceh
alianza tena habari za bajeti,
sauti juu ya injini, akihesabu kwa vidole.
Nikapitisha kiganja shingoni, kwa mzaha.
Mkono wake uliruka kifuani,
ukapapasa shati,
ukautafuta mpira wa manjano
kabla yeye hajakumbuka
kwamba tulikuwa juu, hewa tele.